Barafu kwenye pangaboi si habari ya Ulaya peke yake

Ndege ya pangaboi inayotoka Dar es Salaam kwenda Mwanza hutumia sehemu kubwa ya safari yake ndani ya hewa yenye baridi ya kugandisha maji. Abiria aliyepanda akiwa bado na jasho la Uwanja wa Julius Nyerere halifikirii hilo, na hana sababu ya kulifikiria. Rubani na fundi wanaoihudumia ndege hiyo wana kila sababu. Hata hivyo, katika mazungumzo mengi ya usafiri wa anga Afrika Mashariki, barafu ikitajwa watu huwaza Canada, Norway au Urusi, nchi ambako theluji hufagiliwa kwenye mabawa kabla ya ndege kuondoka. Naipinga fikra hiyo, na nitaanza na vipimo.

Katika ukanda wa ikweta joto la hewa hushuka hadi sifuri kwenye kimo cha futi 15,000 hadi 16,500 hivi. Kuanzia hapo kwenda juu, kila futi 1,000 huondoa takriban nyuzi mbili. Kwenye futi 20,000 nje kuna kama nyuzi 8 chini ya sifuri. Kwenye futi 25,000, ambao ndio ukomo wa kuruka kwa ATR 72 na kwa Dash 8-400 zilizo nyingi, kuna nyuzi 17 au 18 chini ya sifuri. Mlima Kilimanjaro una barafu kileleni kwa sababu hiyo hiyo: uko nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, lakini kilele chake kiko futi 19,341.

Sasa linganisha na tabia ya barafu yenyewe. Barafu hujengeka kwenye ndege kwa wingi zaidi ndani ya mawingu, katika baridi ya kati ya sifuri na nyuzi 20 chini ya sifuri. Kwa hiyo kimo ambacho ATR za Precision Air na Dash 8-400 za Air Tanzania, Jambojet na RwandAir hupendelea kwa safari ndefu kidogo kimo ndani ya ukanda huo, kuanzia chini hadi juu. Ndege ya jeti inayopaa hadi futi 35,000 huupita kwa dakika chache, na ikifika juu hukuta maji mengi ya mawingu yamekwisha kuwa chembe kavu ambazo hazishikamani kwa urahisi na chuma baridi. Ndege ya pangaboi hufanya kazi humo humo.

Maji kubaki majimaji chini ya sifuri si jambo geni kwa aliyewahi kusahau chupa ya maji kwenye friza. Unaitoa ikiwa maji matupu, unaigonga au kuifungua, na papo hapo barafu inatambaa kutoka shingoni hadi kwenye kitako. Matone ya wingu yana tabia hiyo. Tone dogo na safi, lisilo na kijivumbi cha kuanzishia kuganda, linaweza kubaki maji hadi karibu nyuzi 40 chini ya sifuri. Likigongwa na kitu kigumu linaganda. Kitu kigumu kinachopita kule juu ni ndege, na sehemu ya ndege inayokata hewa kwa nguvu kuliko zote ni pangaboi.

Mawingu yetu yana sifa moja inayofanya jambo hili liwe zito zaidi. Yanaanzia chini, kwenye hewa ya joto iliyobeba mvuke mwingi wa Bahari ya Hindi, wa Ziwa Victoria na wa misitu ya Congo. Wingu kubwa la mvua za masika likipanda kwa kasi hubeba maji mengi kuvuka kile kimo cha sifuri kabla hayajapata nafasi ya kuganda. Wingu la baridi la Ulaya ya kaskazini huwa pana na la kudumu, lakini kila meta ya ujazo hubeba maji machache. Letu ni dogo kwa upana, maji yake ni mengi, na hugandisha upesi.

Tuliangalie pangaboi lenyewe, maana hapa ndipo penye elimu ambayo hata baadhi ya watu wa anga huipita juu juu.

Chukua ATR 72-500. Pangaboi lake lina mapanga sita na kipenyo cha meta 3.93. Katika safari ya kawaida huzunguka kwa asilimia 82 ya kasi yake ya juu ya mizunguko 1,200, yaani mizunguko 984 kwa dakika, zaidi ya 16 kwa kila sekunde. Tuseme ndege inakwenda meta 130 kwa sekunde, karibu kilometa 470 kwa saa. Ncha ya panga, ukijumlisha mzunguko na mwendo wa mbele, inakata hewa kwa meta 240 kwa sekunde. Shina la panga, nusu meta kutoka katikati, linakata hewa kwa meta 140 tu. Tofauti hiyo ina maana kubwa, kwa sababu hewa inayosimamishwa ghafla na kitu kinachokwenda kasi hupata joto. Kwa hesabu ya hewa kavu, ncha inajipasha karibu nyuzi 29. Shina linajipasha nyuzi 10 tu. Ndani ya wingu lenye maji joto hilo hupungua sana, kwa kuwa sehemu yake huliwa na kupasha matone na kuyakausha. Matokeo yake, kwenye nyuzi 8 au 10 chini ya sifuri, ncha inaweza kubaki bila barafu huku shina likivaa barafu kwa kasi.

Ndiyo maana barafu ya pangaboi huanzia karibu na kitovu na kupanda kuelekea katikati ya panga. Baridi ikizidi nayo husogea nje zaidi. Abiria aliyekaa karibu na pangaboi haioni kwa urahisi, maana mapanga yanazunguka mbele ya macho yake kama ukungu. Rubani huona koni ya mbele ya pangaboi ikianza kuwa nyeupe, na kwake hiyo ni dalili ya mapema yenye thamani.

Nguvu ya mzunguko nayo inagawanyika vivyo hivyo. Kwenye ncha ya panga hilo kila kitu huvutwa nje kwa nguvu inayozidi uzito wake zaidi ya mara 2,000. Kwenye nusu meta kutoka katikati ni kama mara 540. Barafu ya ncha hutupwa mapema, ya shina hung'ang'ania. Kipande cha gramu 100 kilicho kwenye shina kinalivuta panga kuelekea nje kwa nguvu ya kilo 54 hivi. Mapanga yote sita yakibeba kiasi sawa, nguvu hizo hufutana na hakuna anayehisi kitu. Lakini panga moja likitupa kipande chake na lile la upande wa pili likabaki nacho, ghafla kuna mzigo wa kilo 54 unaozungushwa mara 16 kwa sekunde kwenye ncha ya mhimili wa injini. Mtetemo wake huanzia kwenye sakafu, hupanda kwenye miguu ya abiria, na katika chumba cha marubani geji huanza kusomeka kwa shida.

Kipande kilichotupwa lazima kiende mahali. Vingine hupotea angani, vingine hupiga ubavu wa ndege kwa kishindo cha jiwe lililorushwa kwenye bati. Watengenezaji wanalijua hilo. Ukitazama ubavu wa ATR au Dash 8 sawasawa na mstari wa mapangaboi, utaona sehemu iliyoongezewa ngao ya kupokea vipigo hivyo. Aliyekaa hapo akasikia mlio mmoja au miwili ya aina hiyo ajue kwamba mfumo wa kuondoa barafu unafanya kazi yake. Mlio si hatari. Hatari ni mtetemo unaoendelea na kasi inayopungua.

Kuhusu kasi kuna kosa la kufikiri ambalo naliona ndilo kiini cha somo lote. Rubani wa tabopropu, yaani ndege ya pangaboi yenye injini ya tabini, hupima nguvu ya injini kwa geji mbili kuu: toki, yaani nguvu ya kuzungusha mhimili, na mizunguko ya pangaboi. Kidhibiti cha pangaboi hubadili pembe ya mapanga ili mizunguko ibaki pale pale ilipowekwa. Barafu inapojengeka, umbo la panga lililochongwa kwa uangalifu linaharibika. Hewa haipiti juu yake vizuri, na panga linakuwa zito kuzungushwa. Kidhibiti hakijui kwamba kuna barafu. Kinajua tu kwamba mizunguko inataka kushuka, kwa hiyo kinalegeza pembe kidogo na mizunguko inarudi. Injini inaendelea kutoa toki ile ile. Geji zote ziko kwenye kijani. Lakini sehemu ya nguvu hiyo sasa inamalizikia kwenye kuburura hewa iliyovurugika, na ndege inavutwa mbele kwa nguvu ndogo kuliko awali.

Kwa maneno mengine, geji za injini humweleza rubani jinsi injini inavyolizungusha pangaboi. Hazimwelezi jinsi pangaboi linavyoivuta ndege. Kwenye chumba cha marubani hakuna geji ya mvuto.

Watafiti wa NACA, taasisi ya Marekani iliyozaa NASA, walilipima jambo hili kwa kuruka ndani ya mawingu ya barafu, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 1950. Mara nyingi pangaboi lenye barafu lilipoteza asilimia 10 ya ufanisi wake au chini ya hapo. Katika hali mbaya zaidi hasara ilifika kati ya asilimia 15 na 20. Asilimia 10 si haba. Ndege iliyopanda karibu na ukomo wake ikiwa na abiria kamili haina akiba kubwa ya nguvu. Na pangaboi haligandi peke yake: wakati huo huo mabawa na mkia vinavaa barafu na kuongeza ukinzani wa hewa. Hasara mbili zinakuja pamoja na kuonyesha dalili moja, kasi kushuka. Rubani hawezi kuzitenganisha akiwa hewani, na hapaswi kupoteza muda akijaribu.

Kinachozidisha hatari, bila kukusudia, ni mfumo wa kujiendesha. Umeambiwa ulinde kimo, nao unakilinda. Kasi ikipungua hunyanyua pua kidogo, kisha kidogo tena. Pua ikinyanyuka, tumbo la bawa hukabili matone na kuvaa barafu mahali ambapo hapana kinga. Kila kitu kinaonekana kimetulia mpaka bawa linapofika mwisho wa uwezo wake wa kubeba, na mara nyingi kwenye bawa lenye barafu mwisho huo huja mapema kuliko onyo la kompyuta.

Ajali tatu zinaonyesha kwa nini nasema hili si suala la nchi za theluji. Tarehe 21 Desemba 2002, ATR 72 ya mizigo ya shirika la TransAsia, ikitoka Taipei kwenda Macau, ilikutana na barafu kali ikiwa futi 18,000 ikaanguka baharini karibu na visiwa vya Penghu. Marubani wote wawili walikufa. Tarehe 4 Novemba 2010, ATR 72 ya Aero Caribbean ikitoka Santiago de Cuba kwenda Havana ilianguka katikati ya Cuba na watu wote 68 waliokuwamo wakafa. Barafu ikatajwa, pamoja na maamuzi ya waliokuwa wanairusha. Na tarehe 9 Agosti 2024, ATR 72-500 ya Voepass ikitoka Cascavel kwenda Guarulhos nchini Brazil ilianguka Vinhedo, karibu na São Paulo, ikizunguka bapa kama ilivyoonekana kwenye video zilizozagaa dunia nzima. Walikufa watu 62.

Chukua ramani uone. Penghu imepitiwa na Tropiki ya Kansa. Cuba iko kusini ya mstari huo. Vinhedo iko karibu kabisa na Tropiki ya Kaprikoni. Ni kweli kwamba Taiwan ya Desemba na São Paulo ya Agosti zina majira ya baridi ambayo sisi hatuyapati hivyo. Cuba ya mwanzoni mwa Novemba haina udhuru huo.

Siwezi kusema pangaboi ndilo lililoziangusha ndege hizo. Wachunguzi waliangalia mabawa, kasi na mwenendo wa marubani, na hiyo ni haki. Lakini soma ripoti ya awali ya CENIPA, chombo cha Brazil kinachochunguza ajali za ndege, uone mpangilio wa matukio. Kinga ya barafu ya mapangaboi iliwashwa wakati ndege inapanda. Mfumo wa kupasua barafu kwenye mabawa uliwashwa, ukazimwa, ukawashwa tena zaidi ya mara moja; mapema kwenye safari marubani walizungumza kuhusu hitilafu yake. Kisha, ndani ya muda usiofika dakika tatu, ndege ilitoa maonyo matatu kwa mfuatano: kasi ya safari iko chini, utendaji wa ndege umeshuka, ongeza kasi. Rubani msaidizi alisikika akisema kuna barafu nyingi. Muda mfupi baadaye ndege ikapoteza udhibiti. Mapangaboi yalikuwa yamepashwa joto na bado kasi iliendelea kupungua. Kinga ya pangaboi peke yake haiokoi ndege, na mtu asijidanganye kwamba akishabonyeza kitufe hicho amemaliza kazi.

Ajali iliyobadilisha sheria ni nyingine, ya tarehe 31 Oktoba 1994 huko Roselawn, Indiana, ambako ATR 72 ya American Eagle iliyokuwa ikizungushwa angani kusubiri zamu ya kutua Chicago ilianguka na watu 68 wakafa. Tatizo lilikuwa matone makubwa ya manyunyu. Ndege zilikuwa zikithibitishwa kwa matone yasiyozidi mikroni 50, sehemu ya ishirini ya milimita. Matone makubwa hayagandi pale yanapopiga. Huteleza nyuma na kuganda mahali ambapo hakuna kinga. Mamlaka ya anga ya Marekani ilitoa masharti mapya ya uthibitisho kuhusu matone hayo Novemba 2014, miaka 20 baadaye. Ndege nyingi zinazoruka leo zilithibitishwa kabla ya hapo. Kwa hiyo manyunyu ya kuganda ni mahali pa kutoka, si mahali pa kuvumilia, hata kama kila mfumo unafanya kazi.

Mifumo yenyewe ina historia ndefu. Zamani mapangaboi yaliokolewa kwa spiriti. Ilidondoshwa kwenye pete iliyokizunguka kitovu na mzunguko ukaisambaza kwenye mapanga. Baadhi ya ndege za injini za pistoni bado hufanya hivyo. Leo tabopropu nyingi hutumia pedi za umeme zilizobandikwa kwenye ukingo wa mbele wa panga, kuanzia shina hadi kiasi cha nusu ya urefu, kwa sababu ile ile tuliyoiona: ncha hujitunza yenyewe. Pedi haziwaki zote kwa wakati mmoja. Huwaka kwa zamu, mapanga yanayotazamana yakipashwa pamoja, ili umeme usilemewe na ili barafu itoke kwa usawa. Lengo lake ni kulegeza barafu pale iliposhika. Kuitupa ni kazi ya mzunguko. Kupasha kupita kiasi pia ni hatari, kwani maji yaliyoyeyuka hutiririka nyuma na kuganda upya nje ya pedi, mahali ambapo hakuna joto litakaloyafikia.

Umeme huo hufikaje kwenye kitu kinachozunguka mara 16 kwa sekunde? Kwa kawaida kuna pete za shaba zinazozunguka na pangaboi, na brashi za kaboni zilizosimama zikigusana nazo. Kifaa hiki kidogo ndicho nisichochoka kukizungumzia. Brashi huisha. Mafuta yakivuja kwenye pete, au vumbi likichanganyika na unga wa kaboni, mgusano unakuwa hafifu na cheche zinaanza. Fundi mzuri hupima urefu wa brashi, husafisha pete, kisha huchukua mita na kupima ukinzani wa umeme wa panga moja moja. Mapanga yote yanapaswa kusoma karibu sawa. Moja likisoma tofauti na wenzake, hilo ndilo litakalobaki na barafu siku ya siku, na hilo ndilo litakaloleta ule mtetemo. Pedi nazo hupigwa na vijiwe kwenye viwanja vya changarawe, zikapasuka kingo, maji yakaingia chini yake. Kazi hii yote hufanyika ardhini, kwenye joto la nyuzi 32, na fundi anayeifanya huenda akajiuliza ni ya nini. Ni ya kimo cha futi 19,000 juu ya Tabora saa kumi jioni mwezi Machi.

Hapo linaingia suala la orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa kuharibika. Kwa ndege nyingi za aina hii, mfumo wa kupasha mapangaboi ukiharibika ndege inaweza kuruka, kwa sharti kwamba haitaingia kwenye hali ya barafu inayojulikana au iliyotabiriwa. Sharti hilo ni zuri. Lakini likisomwa na mtu anayeamini kwamba barafu haipo Afrika, linageuka ruhusa ya kila siku. Kwa mujibu wa mwongozo wa ATR, hali ya barafu huanza pale joto la hewa kama ndege inavyolisoma linaposhuka hadi nyuzi 7 juu ya sifuri au chini yake, na kuna unyevu unaoonekana kama wingu, ukungu au mvua. Soma tena: nyuzi 7 juu ya sifuri. Katika anga letu ndege inayopanda ndani ya mawingu hufika hapo karibu na futi 16,000 au chini yake kidogo. Hakuna njia ya kupanga safari ya futi 18,000 ndani ya mawingu ya masika na kudai kwamba barafu haikutarajiwa.

Niseme pia kuhusu ndege ndogo. Cessna Caravan zinazobeba watalii kwenda Serengeti, Zanzibar na Maasai Mara hukwepa tatizo hili kwa sababu moja tu: kwa kawaida huruka chini ya ukanda wa kuganda. Si kwa sababu zina uwezo mkubwa. Caravan ina injini moja na pangaboi moja, na baada ya mfululizo wa ajali za barafu katika nchi za baridi, mamlaka ya Marekani mwaka 2006 iliizuia kuendelea kuruka ndani ya barafu ya kiwango cha kati au zaidi. Rubani wa Caravan anayeshawishika kupanda ili avuke kilele cha wingu atafakari hilo kwanza.

Lakini jiografia yetu inatupa faida ambayo marubani wa Norway au Canada wangeililia. Wakati wa baridi, kwao barafu inaweza kuwepo kutoka mawinguni hadi kwenye uwanja wenyewe. Hakuna pa kukimbilia. Kwetu, chini ya futi 15,000 kuna hewa ya joto. Ndege iliyolemewa futi 19,000 ikishuka futi 4,000 hadi 5,000 inaingia kwenye joto linaloyeyusha kila kitu, na ukiacha milima mirefu kama Kilimanjaro, Meru, Mlima Kenya na Rwenzori, kuna nafasi ya kutosha kati yake na ardhi. Njia ya kutokea karibu kila mara iko wazi, na iko chini. Ndege kuendelea kung'ang'ania kimo huku kasi ikitoweka, mahali ambapo wokovu uko futi 4,000 chini yake, ni jambo ambalo halina utetezi.

Rubani anayesoma haya ataniambia kwamba mwongozo wake unayo yote, na ni kweli. Washa kinga mapema, kabla barafu haijajengeka. Weka mizunguko ya pangaboi kama mwongozo unavyotaka kwenye barafu, kwani mzunguko wa kasi husaidia kuitupa. Linda kasi ya chini iliyowekwa kwa ajili ya barafu, ambayo ni kubwa kuliko ile ya siku ya kawaida. Barafu ikiwa kali, toa mfumo wa kujiendesha ili mikono ihisi ndege, na ondoka. Ninachoongeza ni mkazo juu ya kasi. Iandike kichwani unapotulia kwenye kimo cha safari. Ikipungua wakati toki na mizunguko havijabadilika, usiendelee kutafuta maelezo. Omba kushuka, na ukiona inaporomoka, shuka huku unatangaza.

Kwa mashirika, ombi langu ni kwamba mafunzo ya barafu kwenye kiigizo cha ndege yafanywe kwa mazingira yetu. Rubani wa Dar es Salaam au Nairobi huenda kujifunza barafu kwenye mfano wa uwanja wa Ulaya wenye theluji, akirudi nyumbani anakuwa amehifadhi picha isiyohusiana na kazi yake. Mpeni wingu la masika juu ya Ziwa Victoria, futi 18,000, panga moja halipashwi joto, na abiria kamili. Kwa mafundi, kipimo cha brashi na pedi kisiahirishwe kwa hoja kwamba ni msimu wa joto. Kule juu hakuna msimu wa joto.

Na kwa marubani wote wa ukanda huu, jambo lisilogharimu chochote: ukikutana na barafu, sema redioni. Taja kimo, joto la nje na ukubwa wake. Mtabiri wa hali ya hewa anakadiria kwa setilaiti na modeli. Wewe umeiona kwenye kioo na kwenye koni ya pangaboi lako. Mwongoza ndege atalipeleka neno lako kwa anayekuja nyuma, ambaye huenda ana panga moja lisilopashwa joto na bado hajui.